Kimya Kilichopigiwa Vigelegele

Shangazi yangu huota. Katika nyumba yetu ya Kisauni hakuna jambo zito lililowahi kuamuliwa kabla yeye hajalilalia: paa la bati lilipobadilishwa, kaka yangu alipokwenda Uarabuni kutafuta kazi, hata friji ya mtumba ilipoingia ndani. Huswali istikhara, zile rakaa mbili za kumuomba Mungu amchagulie mja lililo na heri, akalala kwa ubavu wa kulia, na asubuhi akaja na habari. Maji safi ni heri. Nyoka ni shari. Nguo ya kijani ni heri kubwa. Mimi, ambaye kazi ninayoipenda ni kubuni watu na mambo yasiyokuwapo, nilikuwa nikimwonea haya, kwa sababu nikilala huwa gogo. Sioni maji wala nyoka.

Posa ilipokuja, kwa hiyo, hakuna aliyenitazama mimi kwanza. Walimtazama yeye.

Mwanamume mwenyewe alitoka Likoni, jirani na nyumba ya ami yangu, ndugu mkubwa wa marehemu baba. Alifanya kazi Changamwe, kwenye uwanja wa kupanga makontena. Aliswali, hakula miraa, hakuwa na maneno ya mtaani nyuma yake. Alikuwa ameshajenga vyumba viwili na ukumbi wake katika kiwanja cha mama yake, na dirisha moja, niliambiwa, linaelekea kwenye mlimau. Ningependa kusema alikuwa na kasoro fulani. Ingenirahisishia maisha, na kisa hiki kingeandikika upesi. Hakuwa nayo.

Wakati ule nilikuwa nafundisha Kiswahili katika shule ya msingi ya mtu binafsi, mwendo mfupi kutoka nyumbani. Jioni nilimsaidia mama kuuza viazi karai barazani. Kazi yangu ya kweli, ile ambayo hakuna aliyenituma kuifanya, niliifanya baada ya alfajiri, juu ya kitanda, kabla kelele za barabara ya Malindi hazijaamka. Kitabu nilichokuwa nikiandika hakikuisha. Kilikuwa hakiishi kwa miaka kadhaa. Wenzangu tuliokuwa tukikutana Jumamosi kusomeana kazi zetu walikuwa wamechoka kuniuliza.

Shangazi akaota. Aliniona nikishuka ferini upande wa Likoni nimejitanda leso ya kijani, maji yamefurika mpaka kwenye ngazi, na miguu yangu mikavu. Aliisimulia ndoto ile akiwa amesimama mlangoni, buibui hajalivua. Mama alipoulizwa ameona nini, alijibu kwamba yeye ameona mafuta ya kupikia yamepanda bei, na hiyo haikuwa ndoto.

Nikaambiwa na mimi niswali yangu. Niliswali. Nililala fofofo. Siku iliyofuata nikaswali tena, nikalala tena, na nilipoamka jua lilikuwa limeshaingia chumbani na kalamu yangu iko pale pale nilipoiacha. Nilipotoa taarifa hiyo, shangazi alifurahi kuliko kama ningeona bustani.

"Mwenye mashaka halali," akasema. "Huyu alala kama mtoto mchanga aliyeshiba. Wataka ishara gani tena?"

Hapo ndipo tulipokosea, na tulikosea sote pamoja. Nami nilimwamini. Nilidhani utulivu ndio huo.

Usingizi ukaanza kunifuata mchana. Nilisinzia nikisahihisha insha za watoto, wino mwekundu ukiteleza kutoka kwenye daftari mpaka juu ya meza. Nilisinzia nikimenya viazi. Shangazi aliponipigia simu kuniuliza kuhusu rangi ya mapazia ya Likoni, nilipiga miayo mfululizo mpaka akaniuliza kama nimekwisha kula. Asubuhi, saa zangu za kuandika, nilikaa nikitazama ukurasa kama mtu anayetazama maji yakipita kwenye mtaro. Sikuwa na huzuni. Sikuwa na hofu. Ningekuwa na hofu ningejua la kufanya, maana hofu mtu huijua kwa jina. Nilikuwa nimechoka tu, na katika nyumba ya watu waliochoka, hilo si jambo la kusimulia.

Yule mwanamume akaja kunitazama, kama inavyoruhusiwa. Tulikaa sebuleni, mlango wazi, mama nyuma ya pazia akijifanya anapanga vyombo ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Alizungumza kwa upole. Aliniuliza ninaandika nini, na nilipomweleza hakucheka, wala hakuniuliza kama kuna faida. Akasema kwake sitazuiliwa. Mama yake ana msichana wa kumsaidia kazi, na mimi nitakuwa na meza yangu chini ya lile dirisha la mlimau. Kisha akasema, kwa nia njema kabisa, akinitazama usoni kwa mara ya kwanza:

"Naona umechoka. Ukija kwangu utapumzika."

Nilitaka kulia kwa jinsi maneno yale yalivyokuwa mazuri. Badala yake kope zangu zikawa nzito kama zimefungiwa mawe. Nilisikia sauti yake ikienda mbali, na nikabana ukucha kwenye kiganja nisije nikasinzia mbele ya mgeni. Alipoondoka, mama alitoka nyuma ya pazia akasema, "Ana adabu." Nikasema ndiyo, ana adabu. Nikaenda kulala.

Ami alikuja Ijumaa baada ya sala ya alasiri kuchukua jawabu. Kwa kuwa baba amefariki, yeye ndiye aliyesimama mahali pake, na ndiye aliyekuwa na haki ya kuniuliza. Alikuwa amevuka feri kwenye jua, kanzu imemganda mgongoni. Akapewa maji, akanywa, akashusha pumzi. Wazee wa upande wa pili walikuwa wanamngoja Likoni.

Kwetu msichana anayeulizwa habari ya ndoa yake hatarajiwi kujibu. Anayejibu "ndiyo" kwa sauti huonekana ana pupa. Mwenye haya huinamisha kichwa, akanyamaza, na kimya chake huhesabiwa ridhaa. Nililijua hilo tangu utotoni. Nilikuwa nimeshaandika kisa chenye tukio kama hilo, na wenzangu wa Jumamosi walilisifu.

Ami akanitaja kwa jina la baba yangu, akataja jina la mwanamume, akauliza:

"Umeridhia?"

Nilikuwa nimekaa mkekani, mgongo ukutani. Nilianza kutafuta neno. Nilijua kwamba lipo. Nililisikia liko ndani kabisa, kama kitu kilichodondoka kisimani. Lakini kila nilipolinyooshea mkono nilikutana na swali: kwa nini? Na sikuwa na jibu la kwa nini. Nikasema moyoni nitafute sababu kwanza, kisha nitasema. Nikainamisha kichwa ili nifikiri. Nadhani nilifumba macho.

Vigelegele vya shangazi vilinishtua kama mtu aliyemwagiwa maji. Mama mmoja jirani akavidaka kutoka uani, na mwingine kutoka ng'ambo ya kichochoro. Ami akasema alhamdulillahi, akajipangusa uso, akatoa simu. Nilifungua mdomo. Shangazi alinikumbatia, mdomo wangu ukaingia kwenye bega lake, ukabaki humo.

Nikalala. Naona aibu kuandika hivyo lakini ndivyo ilivyokuwa: watu waliingia na kutoka, sufuria zikaanza kuazimwa, na mimi nilijilaza chumbani na kulala usingizi wa maiti mpaka adhana ya magharibi. Nilipoamka nilikuta kisahani kando ya kitanda, kipande cha halua kimefunikwa kwa kitambaa. Nikakitia kinywani kabla sijafikiri. Zafarani ikanijaa ulimi mzima, na ghafla sikuwa chumbani.

Nilikuwa nimeketi kwenye kitanda hicho hicho, miaka mingi nyuma, nimeshika chupa ya soda yenye maji ya manjano.

Nilipomaliza shule ya upili niliandikishwa kozi ya kliaringi, ile kazi ya kushughulikia makaratasi ya mizigo inayoshuka bandarini. Kila mtu alisema bandari ndiyo shamba letu sisi tusio na shamba. Chuo kilikuwa Changamwe, ghorofani, juu ya duka la vipuri. Sikulalamika, wala sikuwa na kingine cha kupendekeza. Lakini kila nilipopanda ngazi zile usingizi ulinijia, na darasani niliegemeza shavu kwenye dirisha nikalala nikikodoa macho. Nikapimwa malaria. Nikapimwa homa ya matumbo. Nikapimwa damu. Damu ilikuwa nzuri. Mwishowe maalimu wa madrasa ya mtaani akaniandikia kombe: aya zikaandikwa kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi ya mawaridi, nami nikanywa kidogo kidogo kila asubuhi kabla ya chai. Nilikunywa kwa imani yote. Nikaendelea kulala.

Kisha mwenye nyumba akawatoa wale watu wa chuo kwa ugomvi wao wenyewe, na chuo kikafungwa. Kesho yake niliamka alfajiri bila kuamshwa. Nilifua nguo za nyumba nzima, na jioni nikaandika ukurasa wangu wa kwanza. Kombe likasifiwa mtaa mzima.

Sikuwahi kuviunganisha vitu hivyo viwili. Nilikuwa na macho ya kuona sababu za watu niliowabuni, nikawatungia vinywa na nyongo na mapigo ya moyo, na mwili wangu mwenyewe nikauchukulia kama mzigo wa kubebwa kutoka kazi moja hadi nyingine. Nilidhani utambuzi wa ndani huja kama sauti, au kama ndoto za shangazi, zenye rangi na maji na nyoka. Kumbe wangu mimi hauzungumzi. Hulala chini barabarani kama punda, na punda akilala hana hoja. Unaweza kumpiga, unaweza kumbembeleza kwa kombe, haondoki.

Nilikaa pale na halua mdomoni, nje watu wakicheka. Sikufurahi kugundua. Nilijua sasa kwamba kuna kazi, na sikuwa na nguvu ya kuifanya.

Asubuhi yake mama alikuwa uani anamenya viazi. Nikachukua kisu, nikakaa kwenye kibao cha mbuzi, nikamwambia sitaki.

Hakuinua kichwa. "Kwani ana nini?"

"Hana kitu."

"Basi wewe una nini?"

"Nimechoka, mama."

"Sisi sote tumechoka, mwanangu."

Nikamweleza, vibaya, habari ya chuo cha Changamwe na usingizi na kombe. Ilipotoka kinywani ilionekana upuuzi. Mama alimenya kiazi kizima, akakitupa kwenye beseni, akachukua kingine. Nilimngojea aniambie kwamba mtu havunji neno la ami yake kwa sababu ya miayo. Badala yake akasema:

"Mimi nilipoulizwa nilikuwa na jino."

Sikumwelewa.

"Lilikuwa limeoza. Shavu limevimba hivi. Babu yako kaniuliza, na mimi siwezi kufungua mdomo. Nikajiinamia nimeshika shavu. Wakasema, mwoneni mtoto ana haya huyo, wakapiga vigelegele."

Tukacheka mpaka kisu kikanianguka. Kisha nikamuuliza, kama mdomo ungefunguka siku ile angesema nini.

"Sijui," akasema mama. "Hakuna aliyerudi kuuliza. Jino likang'olewa, maisha yakaenda." Akapangusa macho kwa upande wa leso. Yalikuwa machozi ya kucheka, nadhani. "Nenda kwa ami yako. Mimi siwezi kukusemea. Mimi ni mtu wa jino."

Nilikwenda Likoni siku hiyo hiyo, kwa kuwa nilijua nikilala siku moja zaidi sitakwenda. Ami alikuwa barazani kwake na fulana na kikoi, akitengeneza feni. Ni mtu aliyefanya kazi bandarini maisha yake yote, na tangu astaafu hutengeneza vitu ambavyo havijaharibika sana. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanisogezea kigoda. Alidhani nimeletwa na shughuli za arusi. Nikamwambia kimya changu cha jana hakikuwa ridhaa.

Alishika bisibisi hewani. Akanikumbusha, bila ukali, kwamba jawabu limeshapelekwa, kwamba wale ni jirani zake, kwamba anaswali nao safu moja. Akasema kimya ni ridhaa, hivyo ndivyo tulivyofunzwa. Nikasema najua. Nikasema kimya cha mwenye haya ni ridhaa, lakini mimi sikunyamaza kwa haya. Nilinyamaza kwa kuwa nilikuwa natafuta sababu, na sikuipata, na mpaka leo sina.

"Sasa wataka nini?"

"Niulize tena, ami."

Kijasho kilikuwa kimemtoka juu ya mdomo. Ndani ya nyumba redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo, na mtu akaizima, kwa hiyo nikajua kwamba wanasikiliza. Ami aliweka bisibisi chini. Akanitaja kwa jina la baba yangu, akalitaja jina la yule mwanamume, kikamilifu, kama jana.

"Umeridhia?"

"Sikuridhia."

Lilitoka dogo, na sauti yangu haikuwa nzuri. Lakini lilikuwa neno, na baada yake sikusikia kitu chochote kikivunjika.

"Nitawaambia sababu gani?"

"Sina sababu, ami. Waambie yeye ni mtu mwema."

"Hiyo ndiyo itakayowauma zaidi," akasema. Akainuka kwa kushika nguzo, akaingia ndani, akatoka amevaa kanzu ile ile ya jana, haijafuliwa. Nikamwambia nitakwenda naye. Akakataa kwa mkono. "Wewe umeshasema lako. Hili langu." Akavaa viatu taratibu, akafunga kimoja, akapumzika, akafunga cha pili. Nikamwona akivuka njia kuelekea nyumba yenye mlimau, mwili mzima ukiegemea upande mmoja. Sijawahi kumwona mtu amechoka namna ile kwa ajili yangu, na sitaki kuona tena.

Shangazi hakusema nami kwa miezi. Alirudisha sufuria za watu mwenyewe, moja moja, akisimama kwenye kila mlango na kueleza kwamba mtoto wa siku hizi akitiwa elimu hata ndoto haimwingii. Wenzangu wa Jumamosi walitaka nisherehekee. Sikuwa na cha kusherehekea. Kitabu kilimalizika baadaye, na si kizuri kama nilivyotarajia. Watu huniambia nilifuata moyo wangu, kana kwamba moyo ulitembea mbele na taa. Mimi nilifuata kitu kilicholala chini.

Mwaka jana nilikutana na yule mwanamume sokoni Kongowea, yeye na mkewe, wakichagua vitunguu, wachukuzi wakitupigia mayowe tuwapishe na mikokoteni yao. Alinisalimia kwa adabu ile ile. Mkewe alikuwa na uso wa mtu aliyelala vizuri. Mume akaniuliza kama bado ninaandika, nikasema bado.

"Na kupumzika je?"

"Bado pia," nikasema, na tukacheka wote watatu, mkewe bila kujua kwa nini. Nilirudi nyumbani na kilo zangu za vitunguu nikijichunguza njia nzima. Miguu iliniuma. Mgongo uliniuma. Huenda nilikosea, na hakuna ndoto itakayonijia kuniambia. Lakini usingizi haukuwapo, na nilifika nikaandika.

Shangazi alipoanza kunisemesha tena, alinisemesha kwa kejeli. Nikiulizwa chochote mbele za watu, hata kama nitakula wali au ugali, yeye hudakia: "Mtazameni kwanza kama apiga miayo." Nimezoea. Watoto wa jirani nao wamejifunza.

Juzi alikuja jioni, tuko barazani, mama anakaanga viazi. Kuna mtu anataka kununua kiwanja chake cha Ziwa la Ng'ombe, kile alichoachiwa na marehemu mumewe, na anangoja jawabu. Alikaa bila kuvua buibui. Akasema ameshaswali, ameota maji, maji safi kabisa, mpaka changarawe za chini zaonekana. Mama akasema basi hiyo ni heri. Shangazi akanigeukia kwa hasira, kama mimi ndiye niliyemwambukiza.

"Lakini kila nikitaka kumpigia simu yule mtu," akasema, "usingizi wanishika."

Nikamsogezea kiti chenye mto. Mama akageuza viazi, akapunguza moto. Tukakaa hivyo, wote watatu tumechoka, mafuta yakinong'ona kwenye karai, na shangazi ameinamisha kichwa. Hakuna aliyempigia vigelegele. Tulimngoja.